"Kal" haikumchelewesha mtu

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi elfu thelathini kwenda kusikiliza upuuzi. Semina ya walimu wa Kiingereza ilitangazwa kuanza saa tatu asubuhi; mtoa mada akaingia saa nne na dakika arobaini, bila hata samahani. Alipofika kwenye vielezi vya wakati akatuchekesha: Wapakistani, alisema, wana neno moja tu, "kal", kwa jana na kwa kesho. Ndiyo maana "yesterday" na "tomorrow" huwapiga chenga, na ndiyo maana hawajali muda. Ukumbi ukaangua kicheko.

Ni kweli "kal" ya Kiurdu hubeba siku zote mbili. "Parson" nayo ni juzi na keshokutwa. Lakini sikiliza inavyosemwa: kal aaya tha, alikuja jana, kal aaega, atakuja kesho. Kitenzi kimeshamaliza kazi. "Kal" inahesabu tu siku moja kutoka leo, na upande gani wa leo, kitenzi kinakuambia.

Tena sisi ndio wa kuwacheka Wapakistani? Sisi wenye "bado"? Bado anakula: Mwingereza atasema "still". Bado hajala: hapo atasema "yet", na kukanusha juu. Kwake hayo ni maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza. Kwetu ni neno moja, na sijasikia mtoto wa Tandale aliyekosa chakula kwa kuchanganya. Kitenzi kinamwongoza. Kitenzi, jamani! Nilitaka kusimama niwapigie kelele neno hilo moja, kitenzi, mpaka chai ya saa nne iletwe, maana nayo ilichelewa.

Jirani yangu kitini akaninong'oneza: je, mtu akijibu "kal" tu, bila kitenzi? Ajibu nini bila kuulizwa? Ukimuuliza amekuja lini, au atakuja lini, swali lenyewe limeshamwonyesha njia. Labda yupo mahali mtu anayesimama njia panda akiwarushia wapita njia "kal! kal!" Huyo apelekwe hospitali, darasa la Kiingereza halimsaidii.

Miaka mitatu nilibeba maboksi ghalani Sharjah chini ya msimamizi Mpakistani kutoka Lahore. Kila alfajiri alikuwa langoni kabla yetu, daftari mkononi, na waliokatwa mshahara kwa kuchelewa tulikuwa sisi wenye jana na kesho zilizotenganishwa vizuri. Kiingereza chake cha vielezi kilikuwa safi kuliko changu. Aliponikata, hakukosea siku hata moja.

Mchezo huu wa kupima akili za watu kwa msamiati tumeshachezewa sisi. Mwaka 1969 John Mbiti, Mkenya na msomi mkubwa, aliandika kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo, akitegemea nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, kisha akaupa mgawanyo wake majina ya Kiswahili: sasa na zamani. Na mtondogoo je, mzee wetu? Siku nne mbele, na ina jina lake. Mwingereza hana neno moja hata la juzi. Huzunguka mpaka aseme siku iliyotangulia jana. Mbona hajaitwa semina kuambiwa kwamba hakumbuki?

Na saa yetu pia wageni wanaisema. Eti tunahesabu kinyume. Jua likichomoza unaanza saa ya kwanza. Kinyume ni kuianza siku usiku wa manane, watu wamelala.

Mwisho wa semina tuliahidiwa vyeti kesho yake. Nimepiga simu ofisini kwao mara mbili. Binti aliyepokea ana sauti nzuri, na kila mara ananijibu kwa neno moja: bado.