Afya ya Muuguzi ni Bima ya Soko

Mfanyabiashara hodari hukatia bima duka, gari na shehena yake. Lakini ugonjwa wa mlipuko unapoingia nchini, anayeikinga biashara hiyo kwanza ni muuguzi wa zamu ya usiku. Muuguzi huyo akiugua, akichoka kupita kiasi au akikosa mshahara, soko nalo hutikisika.

Kenya ililiona jambo hilo wakati wa janga la Korona. Kafyu iliyoanza Machi 27, 2020 haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Wenye hoteli, matatu na vibanda vya jioni walikula hasara, na pato la taifa likapungua kwa asilimia 0.3 mwaka 2020. Katika dhiki hiyo, Desemba 2020, wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, na madaktari wakafuata Desemba 21. Miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa bora vya kujikinga, bima ya afya ya kutosha, na fidia kwa jamaa za wanaofariki kutokana na kazi.

Wapo wanaosema kuwa serikali haina fedha na kwamba kodi tayari ni nzito. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mwaka huo huo, KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, lilinunua vifaa vya Korona kwa bei ya juu. Bei ya soko ilipoanguka, shehena kubwa ilibaki ghalani. Kila mwenye duka anajua maana ya mtaji kulala namna hiyo. Fedha zilikuwapo, kilichokosekana ni hesabu nzuri ya matumizi.

Hasara ya kumpoteza mhudumu wa afya hairudi upesi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2015 kwamba Ebola iliua asilimia 8 ya madaktari, wauguzi na wakunga wa Liberia. Mashine ikiharibika, huagizwa nyingine. Daktari wa Kenya husoma miaka sita, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi mwaka mmoja. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa kutangaza zabuni.

Kumtunza mhudumu si kumpigia makofi tu. Ni kumlipa mwisho wa mwezi bila kuchelewa, kumkatia bima yeye na watu wake, kumpa siku za kupumzika, usafiri salama usiku, na mshauri wa kuzungumza naye anapozidiwa na vifo wodini. Mambo haya yapangwe sasa, mlipuko mwingine ungali mbali.

Vyama vya wafanyabiashara, ambavyo huhudhuria vikao vya bajeti za kaunti kudai vibanda na taa za soko, viulize pia kama mishahara ya wauguzi imetengewa fungu. Wenye hisa katika kampuni za bima na za hospitali waulize, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wahudumu wangapi wana mikataba ya kudumu. Nao wauzaji wa barakoa na glavu wakumbuke kwamba bidhaa hafifu huwarudia kwa njia ya wodi zisizo na wahudumu na maduka yaliyofungwa.

Gharama hizi si sadaka. Ni malipo ya bima, na asiyelipa mapema hana haki ya kudai fidia moto ukishawaka.