Eti ufukwe umevamiwa!

Wadau, nimepotea kidogo, samahanini. Chuo kilifungwa wiki mbili za Pasaka na mimi nilikuwa nalala kwenye mchanga, ndani ya hema la watu sita na mbwa mmoja. Nimerudi hosteli hapa Guadalajara jana usiku, pua imeungua, na nia yangu ilikuwa kuwaandikia habari za safari tu. Lakini asubuhi hii jikoni nimekutana na mwanafunzi mwenzangu wa kigeni, wa kubadilishana kama mimi. Naye alikuwa Chacala siku hizohizo (yeye alipanga chumba). Akaniambia kijiji ni kizuri mno, "isipokuwa wiki hii wanapokivamia".

Wanapokivamia! Chai yangu ilipoa namwangalia tu. Basi leo hakuna habari za safari, leo ni ugomvi.

Kwa wasiojua, Chacala ni kijiji kidogo pwani ya Pasifiki, jimbo la Nayarit, ukipita mji wa Las Varas. Ghuba moja, minazi, vibanda vya makuti vinavyouza samaki, basi. Siku za kawaida unasikia nazi ikianguka. Halafu inakuja Semana Santa, yaani wiki ile inayoishia Pasaka, na nyingine inayofuata, shule za Meksiko nzima zimefungwa. Hapo watu wanashuka kutoka Guadalajara, Tepic na kila mahali penye joto na vumbi. Pikapu zimejaa babu, bibi, magodoro, madumu ya maji, majiko, spika. Mahema yanasimama kamba juu ya kamba, ukitaka kwenda kuoga baharini unapita katikati ya kifungua kinywa cha watu. Muziki wa banda, ambao kwa kweli ni ndugu yake matarumbeta ya harusi za Dar, unapigwa mpaka saa nane za usiku. Wenzangu wa Dar, fikirini Coco Beach siku ya Idd, halafu hakuna anayerudi nyumbani.

Sasa nani kavamia nini?

Familia iliyonichukua ni ya rafiki yangu wa darasani. Baba yake ni fundi magurudumu, mama yake yuko kiwandani. Nilimuuliza mama kwa nini wasije mwezi wa kumi, kumetulia na vyumba ni rahisi. Akacheka kama mtu aliyeulizwa kwa nini asile keki. Jamani, mjue hili: mpaka mwisho wa 2022 sheria ya kazi ya Meksiko ilimpa mfanyakazi siku 6 tu za likizo yenye malipo baada ya kutimiza mwaka wa kwanza kazini. Sita! Tangu Januari 2023 ndiyo zimekuwa 12. Na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa nchi hii wako kwenye sekta isiyo rasmi, hao hata hizo hawazioni. Kwa hiyo watu wanakwenda baharini pale watoto hawako shule na bosi naye kafunga duka. Ni wiki hiyo, au hakuna.

Ndiyo maana nasema ule ukimya unaosifiwa haukuumbwa na Mungu pamoja na minazi. Ukimya ule ni likizo ambayo watu hawajapewa. Mgeni anayefika Novemba akakuta ufukwe mtupu anadhani ndiyo tabia ya mahali, kumbe wenye nchi wako kazini. Wanapotokea, anasema wamevamia.

Mzee mmoja mstaafu kutoka nchi za kaskazini, ana nyumba kilimani, aliniambia yeye kila mwaka hufunga mlango na kuhama wiki hizi. Kaongea nami kwa upole sana, akidhani na mimi ni mtalii mwenzake (ni kweli, lakini wa turubai). Simchukii. Nyumba yake ni halali kabisa. Ila katiba ya Meksiko, kifungu cha 27, haimruhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka baharini. Anapitia benki, inamshikia kwa mkataba wa miaka 50 unaoweza kuongezwa. Sasa mtu ambaye jina lake haliwezi kukaa kwenye hati ya kiwanja anamwita mwenye nchi mvamizi?

Na mchanga wenyewe ni wa umma. Ufukwe ni mali ya taifa, na juu yake kuna ukanda wa mita 20 wa serikali kuu, unapimwa kuanzia maji yanapofika juu kabisa. Hili si la vitabuni tu. Februari 2020 kule Playa del Carmen, upande wa Karibi, polisi waliwakamata watu wawili wapenzi kwa sababu walikaa mchangani mbele ya klabu bila kununua kitu. Watu walichachamaa, wakaenda kukaa palepale na vyakula vyao. Oktoba mwaka huohuo sheria ikarekebishwa: mwenye eneo akizuia watu kuufikia ufukwe, faini inaweza kupita peso milioni moja. Msiojua peso, hizo ni hela nyingi.

Najua mtaniambia, na uchafu je? Hapo nainamisha kichwa. Asubuhi ya Jumamosi nilitoka hemani nikakuta chupa, sahani za plastiki, nepi… nepi! Niliona aibu kana kwamba ni ndugu zangu. Bibi wa hema la jirani, ambaye kila saa aliniita mijo, yaani mwanangu, aliwapanga wajukuu mstari na gunia, hakuna kuogelea mpaka lijae. Wengine hawakuokota hata kizibo na wakaondoka zao. Foleni ya choo ilikuwa dakika 40 na unalipa peso 10. Sitetei hayo. Lakini Pasaka si tetemeko la ardhi. Tarehe yake inakokotolewa; ya mwaka 2050 ni Aprili 10, mnaweza kuiandika leo. Watu wanaojulikana watakuja, siku inayojulikana, na bado vyoo vinakuwa vinne. Hilo ni kosa la anayelala kwenye turubai peke yake?

Jikoni mwenzangu alijaribu na kasa. Eti mahema yanaponda mayai. Rafiki yangu, kasa wengi wa pwani hii hutaga kati ya Julai na Desemba, wakati hawa unaowalaumu wako viwandani. Akanyamaza akaosha kikombe.

Hakuona pia tulichoona sisi. Ijumaa Kuu, saa tisa usiku, maji yaliingia hemani. Pasaka hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo wiki hiyo ina bamvua, na sisi tulijenga chini mno. Kelele! Watu tusiojuana tulibebana magodoro, mtu akamulika taa za gari, yule bibi akachemsha kahawa ya sufuria kubwa kwa mahema kama kumi. Asubuhi watoto wakaniuliza kwa nini bahari ilipanda, nikachora jua, dunia na mwezi kwa kijiti mchangani. Nimesoma ualimu miaka miwili, hilo ndilo somo langu la kwanza ambalo hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda nje. Mmoja wao, wa miaka tisa, alikuwa hajawahi kuona bahari kabla ya juzi. Saa nne kwa gari kutoka kwao, miaka tisa.

Huyo ndiye mvamizi wenu.

Samaki wa zarandeado nitawaeleza siku nyingine, anastahili ukurasa wake. Ngoja nikakung'ute shuka, mchanga umejaa kitandani, na kesho saa mbili asubuhi nina kipindi cha saikolojia ya elimu. Mwenzangu wa jikoni anasoma Kiswahili kidogokidogo, kwa hiyo nadhani wiki hii nitanunua chai yangu mwenyewe.