Mkonge kwa Mwaka Mzima

Twaonelea kuwa mwalimu wa darasa la tano au la sita mkoani Tanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta jambo moja la kuyaunganisha masomo yake ya mwaka. Mkonge u mlangoni pake.

Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hapo pana historia, na pana hesabu: hiyo ni asilimia ngapi? Kisha jani lenyewe lipimwe. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi za nyuzi. Mtoto aulizwe zile nyingine zaenda wapi. Jiografia ifuate reli hata bandarini. Katika Kiswahili, wazee waandikiwe barua kuulizwa habari za manamba waliotoka mbali kukata mkonge. Nazo zipelekwe kweli, zisifungiwe daftarini.

Twajua wazazi wataogopa mtihani, nasi tu wazazi. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Kwa hiyo hesabu isiburutwe na mkonge. Sehemu zifundishwe kwa utaratibu wake, na siku ambayo mkonge hauna la kusema, uachwe.

Mpango uandikwe kabla ya Januari, walimu wote wakiwapo, maana mmoja akiubeba peke yake hautafika masika. Nasi makarani tumnakilie mwalimu mfano wa hati ya mizigo, majina yakiwa yameondolewa, watoto wapate kujumlisha marobota.