Chandarua Kizuri Apewe Mgeni

Huku kwetu kusini, katika mikoa ya Ruvuma na Njombe, hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Moshi au Tanga. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Na ni wakati huo huo, vumbi la kiangazi linapogeuka tope, ndipo watoto wetu wanapokuja nyumbani kwa Krismasi. Wanatoka Dar es Salaam, wanatoka Nairobi, na wengine Ujerumani, Uingereza na Marekani, pamoja na wajukuu ambao hawajawahi kuiona nyumba ya babu yao. Kuku wanachinjwa, majirani wanaitwa, na nyumba inajaa. Sisi wauguzi tunafurahi pamoja nanyi, lakini tunajua pia kwamba Januari baadhi ya wageni hao watakuwa wodini kwetu.

Jioni inapofika chandarua chapungua, na utasikia mwenye nyumba akisema, “Huyu ni mtoto wa hapa hapa, malaria ameizoea. Ataweza.” Msemo huu tunaupinga kabisa. Katika nyumba ile, huenda huyo kijana mwenye afya, mwenye koti zuri na saa mkononi, ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wazee wote waliokaa barazani.

Sababu ni hii. Mtu akiishi mahali penye malaria tangu utotoni, mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupambana na vijidudu vya ugonjwa huo. Kinga hiyo si kamili, na tena haidumu yenyewe. Akikaa miaka kadhaa ugenini bila kuambukizwa, hupungua sana, hata kama alizaliwa ufukweni Mbamba Bay na kuugua homa kila mwaka. Mjukuu aliyezaliwa Ulaya hana kinga hiyo hata kidogo. Jina la ukoo na sura ya babu havimsaidii kitu mbele ya mbu.

Wala tusidhani mgeni ni yule tu aliyepanda ndege. Mtu wa Makete, au wa sehemu nyingine za baridi za Njombe ambako malaria ni nadra, akishuka kwenda harusini kando ya Ziwa Nyasa, naye ni mgeni kama Mjerumani.

Wengine hutuambia, “Lakini mvua ndiyo kwanza zimeanza, mbu bado.” Hebu tuhesabu pamoja. Mvua za kwanza hujaza mashimo ya matofali, alama za magurudumu barabarani na nyayo za ng'ombe. Mbu wa malaria hutaga mayai katika vidimbwi kama hivyo, na baada ya wiki moja au mbili mbu wapya wanaruka. Mbu hao wakimuuma mtu mwenye vijidudu, zapita siku kumi au zaidi kabla hawajaweza kumwambukiza mwingine. Basi mgeni aliyekuja wakati wa mvua za kwanza akakaa wiki nne au tano, anakuwapo hasa pale malaria inapoanza kupanda. Na huko ziwani mbu hawasubiri mvua.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba chandarua kizuri cha nyumba, kile chenye dawa na kisicho na matundu, apewe mgeni. Hatusemi anyang'anywe mama mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano, hao wabaki ndani ya vyao. Tunasema sisi watu wazima wa nyumba tubanane. Na ninyi mnaokuja toka mbali, mnaoleta masanduku ya viatu na nguo, leteni vyandarua, au nunueni Songea mkipita. Mama yenu atavitumia mkishaondoka.

Mbu huyu huuma tangu giza linapoingia mpaka alfajiri. Kwenye mkesha wa Krismasi au kwenye matanga, ambako watu hukaa nje usiku kucha, mgeni avae mikono mirefu, afunike miguu kwa shuka na kujipaka dawa ya kufukuza mbu.

Zipo pia dawa za kinga ambazo daktari wa kule anakotoka mgeni humpa kabla ya safari, na ambazo lazima aendelee kuzimeza hata baada ya kurudi kwake, nyingine siku saba, nyingine wiki nne. Tunasikitika kusikia kwamba wageni huziacha kwa kuchekwa na ndugu zao: “Umekuwa Mzungu wewe!” Jamani, tuache mzaha huo. Mwenye mimba na mwenye watoto wadogo wamwulize daktari mapema, maana si kila dawa inawafaa.

Mgeni akipata homa, asipewe vidonge viwili vilivyobaki kabatini. Dawa mseto ya mtu mzima ni vidonge vinne, mara sita, kwa siku tatu. Klorokwini nayo iliachwa kutumika kwa malaria nchini mwetu tangu 2001, ingawa bado wapo wanaoitaja. Apelekwe akapimwe siku ile ile, kwa sababu asiye na kinga anaweza kuzidiwa kwa siku chache tu. Tena barabara zetu mnazijua. Mvua ikinyesha mchana, usiku gari halipandi mlima.

Juu ya maji tuseme kwa kifupi. Mvua za kwanza huosha uchafu wa kiangazi kizima na kuutia kisimani. Maji ya kunywa yachemshwe kweli, kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Mgeni anapoaga, mwandikieni kwenye karatasi jina la kijiji na tarehe aliyoondoka, aiweke pamoja na pasi yake. Homa ya malaria yaweza kuanza baada ya yeye kufika kwake, pengine wiki mbili, pengine miezi. Akiugua homa wakati wowote katika mwaka ule, amwonyeshe daktari karatasi hiyo na kusema, “Nilikuwa Tanzania, nataka kupimwa malaria.” Aseme hivyo hata kama hakuulizwa, na hata kama nje theluji inaanguka na mji mzima una mafua.