Mama, siyo lazima uwe nesi kama mimi

(Mfululizo wa Mama Anasoma, sehemu ya 11. Ni ndefu, mlaze mtoto kwanza ndio usome.)

1.


Hapa Marekani mama Mswahili akisema tu anataka kurudi shule, jibu analopewa ni moja: kasome unesi. Wifi atasema hivyo, jirani Mkongo atasema hivyo, mama mchungaji atasema hivyo. Anza CNA, panda LPN, malizia RN. Mimi ni nesi, kazi yangu naipenda na imewalisha wanangu. Ndio maana nina haki ya kusema hili: siyo kila mama aliumbwa kushika sindano.

Kuna mama humu anayesoma mkataba wa nyumba mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Majirani wote wakipata barua ya serikali wanamletea yeye. Akidhulumiwa dola 20 kwenye mshahara, halali mpaka ajue kwa nini. Huyo mama ni wakili ambaye hajaenda shule bado. Msimlazimishe kuvaa skrabu.

2.
Kwa nini jambo hili linaniuma? Kwa sababu ya ninayoyaona kazini. Analetwa mama mgonjwa, na anayemtafsiria ni mtoto wake wa darasa la tatu. Mtoto anaambiwa amweleze mama yake kuhusu uvimbe kwenye kizazi. Jamani! Sheria ya Marekani inaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu itoe mkalimani bila malipo, na mtoto asitumike kutafsiri isipokuwa kwenye dharura. Haki ipo kwenye karatasi, ila mama hana wa kumwambia kwa lugha yake.

Vivyo hivyo kwa mwenye nyumba, shuleni kwa watoto, kwenye mahakama ya uhamiaji. Manesi wa Kiswahili tunao, tena wengi. Mawakili wa Kiswahili wako wapi?

3.
Sasa njia yenyewe. Unaanzia chuo cha jamii, kilekile ambacho manesi wengi wetu tumepitia.

Najua wapo wanaokicheka. Wanasema ni chuo cha walioshindwa. Cruz Reynoso alizaliwa kwenye familia ya vibarua wa mashambani California, wakiwa watoto 11. Alianzia Fullerton, chuo cha jamii, akaenda Pomona, akasoma sheria Berkeley. Mwaka 1982 akawa jaji wa kwanza mwenye asili ya Kilatino katika Mahakama Kuu ya Juu ya California. Mwenye kucheka na acheke.

Hesabu iko hivi. Miaka 2 chuo cha jamii, kama krediti 60. Miaka 2 chuo kikuu, ufikishe krediti 120 na upate shahada ya kwanza. Kisha miaka 3 ya shule ya sheria, au kama 4 ukisoma jioni kwenye shule zenye utaratibu huo. Halafu mtihani wa uwakili wa jimbo lako. Jumla miaka 7 kwa anayesoma muda wote, na mama mwenye watoto wadogo atachukua zaidi. Ni mingi, sikatai. Ila mtoto wako wa miaka 2 atafika 9 hata ukikaa nyumbani.

4.
Hapa wengi wanapotezwa, sikilizeni vizuri. Ukimwambia mshauri wa masomo "nataka mambo ya sheria," anaweza kukupeleka kozi ya wasaidizi wa mawakili. Ni kazi nzuri, inaheshimika. Lakini haikufanyi wakili, na krediti zake nyingi chuo kikuu kinaweza kuzikataa. Kama lengo lako ni uwakili, tamka hivi: "Nataka digrii ya kuhamia chuo kikuu." Mara nyingi hiyo ni AA au AS. Ile ya AAS ni ya kuingia kazini moja kwa moja. Herufi moja tu, inaweza kukugharimu mwaka.

Halafu, shule za sheria hazidai usome fani fulani. Historia, uhasibu, Kiingereza, hata unesi, zote sawa. Chagua unayoiweza na inayokufanya usome na kuandika sana.

5.
Alama. Hapa ndipo ninapowabembeleza.

Watu husema chuo cha jamii ni cha kujaribia tu, alama hazina neno. Kwa wakili mtarajiwa hiyo siyo kweli. Ukiomba shule ya sheria, maombi yanapita LSAC, hao hao wenye mtihani wa LSAT, na wao wanakusanya alama zako zote kabla ya shahada ya kwanza, pamoja na za chuo cha jamii. Ukipata F ukarudia somo ukapata A, chuo chako kinaweza kuisamehe ile F. LSAC, kama bado inaonekana kwenye rekodi yako, wanahesabu zote mbili.

Kwa hiyo usichukue masomo manne huku una kichanga cha wiki tano, eti usionekane mvivu. Chukua moja, lifanye vizuri. Mtoto akilazwa na ukaona muhula unazama, nenda ofisini kabla ya tarehe ya mwisho, ulitoe somo rasmi. W ya kawaida haiingii kwenye hesabu ya LSAC. F inaingia. Ila ongea kwanza na ofisi ya misaada ya fedha, kwa sababu kutoa masomo kunaweza kugusa msaada wako.

6.
Pesa. Jaza FAFSA, ni bure. Anayekutoza ili aijaze, mkimbie. Pell Grant hairudishwi kama mkopo, na kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025-26 kilikuwa dola 7,395. Siyo ya raia peke yao: wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliopewa hifadhi nao wanaweza kuipata. Ila ina mwisho, sawa na mihula 12 ya muda wote maishani, na shule ya sheria hailipiwi na Pell. Usiichezee.

Kuanzia Julai 1, 2026, mkopaji mpya wa shule ya sheria anakopeshwa na serikali kuu hadi dola 50,000 kwa mwaka, na jumla isizidi 200,000. Kwa hiyo mwenye akili haanzi na deni. Miaka yako ya mwanzo isome mahali pa bei nafuu.

Na tafadhali, usidanganye kwenye fomu yoyote, wala usimpe mtu akuandikie insha. Kabla ya kukupa leseni, jimbo linachunguza tabia yako, na uongo wa leo utaukuta mezani siku hiyo.

7.
Mimba siyo mwisho wa masomo. Chini ya sheria iitwayo Title IX, chuo kinachopokea fedha za serikali kuu hakiwezi kukufukuza kwa sababu una mimba, na kinapaswa kukuruhusu ukose darasa kwa muda ambao daktari anaona unahitajika. Pata barua ya daktari, peleka mapema. Uliza pia kama chuo kina ruzuku ya malezi ya watoto inayoitwa CCAMPIS. Siyo kila chuo kinayo, lakini asiyeuliza hapewi.

Na hapa naongea kama nesi wenu: ukishajifungua, ukikaa zaidi ya wiki mbili unalia ovyo, hulali hata mtoto akilala, huoni raha ya chochote, hiyo siyo uvivu wala siyo pepo. Mwone daktari kwanza. Chuo kitakusubiri.

8.
Baba watoto, sasa zamu yenu. Mkeo akisoma, wewe unapika na unaogesha watoto, na huo siyo msaada. Hao ni watoto wako. Kumwambia "soma tu mke wangu" halafu sahani zikamngoja mpaka saa sita usiku, huko ni kumkatalia kwa maneno matamu.

9.
Na dada uliyekuja na shahada yako ya sheria kutoka Nairobi, Dar au Kampala, ambaye sasa unageuza wazee usiku: usikubali kuambiwa uanze upya chuo cha jamii. New York na California zina taratibu za waliosomea sheria nje kufanya mtihani wa uwakili, wengine baada ya mwaka mmoja wa shahada ya uzamili. Vitoe vyeti kwenye sanduku, vipeleke vikafanyiwe tathmini.

10.
Wanaotaka unesi, karibuni sana, wodi zinawahitaji na mimi nitawasaidia. Ila yule mama wa barua za majirani, wiki hii nenda ofisi ya usajili na cheti chako cha kidato cha nne, na kama huna, uliza darasa la GED. Omba kuonana na mshauri wa kuhamia chuo kikuu. Mwambie bila kuinamisha kichwa: nataka kuwa wakili.

Maswali leteni hapo chini. Nikitoka zamu ya usiku nitajibu, mmoja mmoja.