Nguruwe wa Hoboken



Tukionyeshwa picha za kale za Ulaya huambiwa kwamba kila kitu ndani yake ni ishara. Mbwa ni uaminifu, mshumaa ni uhai wa mwanadamu. Sikatai. Lakini kuna mchoro mmoja ambao naona umeonewa.

Ni mchoro wa kalamu na wino, kazi ya Pieter Bruegel ya mwaka 1559, nao umo katika jumba la Courtauld mjini London. Waonyesha sikukuu ya kanisa kijijini Hoboken, karibu na Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Watu wanacheza, wengine wanapiga mishale, na maandamano yanaingia kanisani. Mbele wako nguruwe, na chale aliyewashika mikono watoto wawili. Wako wanaoeleza hivi: nguruwe ni ulafi, chale ni upumbavu, na watoto ni wanakijiji wanaoongozwa na upumbavu huo.

Maana hiyo yatoka wapi? Frans Hogenberg aliuchonga mchoro huo katika shaba ili uchapwe, na chini ya chapa likatiwa shairi lisemalo kwamba wakulima hucheza na kulewa kama hayawani, wala hawaachi sikukuu zao hata iwapasapo kufunga na kufa kwa baridi. Katika mchoro wa kalamu shairi hilo halimo. Tangu hapo watu husoma kwanza, ndipo wakatazama.

Mimi nasema nguruwe ni nguruwe. Kijiji cha wakulima wa zamani zile kingekosaje nguruwe njiani? Na yule chale, wakati wakubwa wameshughulika na ngoma, ndiye aliyewashika watoto mkono. Karel van Mander aliandika mwaka 1604 kwamba Bruegel na rafiki yake mfanyabiashara walikuwa wakivaa kama wanavijiji, wakaenda sherehe zao na zawadi kama jamaa. Mtaniambia alikwenda kuwacheka. Huenda, lakini mwenye kucheka tu hachoki kuchora maandamano ya kanisa mtu kwa mtu.

Sisi tuliotoka vijijini tukaja shule ya bweni twajua kutazamwa namna ile, na wengine wetu, likizo ikifika, tumeanza kutazama vivyo hivyo.

Basi ndugu wa chama cha sanaa, mkiipata chapa hiyo kitabuni, lifunikeni shairi kwa kiganja, kisha wahesabuni wanaokunywa na wanaokwenda kanisani. Jibu mtuletee katika toleo lijalo.