Ubao kwanza, kishikwambi baadaye

Ndugu msomaji, leo siandiki juu ya simu mpya wala programu mpya. Naandika juu ya mbao, misumari miwili na kipande cha tyubu ya baiskeli. Usiondoke. Hii ni teknolojia kuliko unavyodhani.

Nchi yetu ina ugonjwa mmoja: ikitajwa teknolojia, mkono unaenda mfukoni. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Kuanzia 2016 vikaja vishikwambi badala yake. Mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa kufundisha shuleni jinsi ya kuandika programu. Sipingi hata kimoja. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na unga wangu unatokana na kuandika programu. Ninachopinga ni ile imani kwamba mtoto hawezi kuanza kufikiri kama mhandisi mpaka anunuliwe kitu chenye kioo.

Njoo hapa Ikonge, kwenye barabara ya Chebilat hadi Chabera. Mtoto akikunja ndege ya karatasi anaambiwa anaharibu daftari. Akiokota mabaki ya mbao kwa seremala atengeneze cha kuirushia, anaambiwa aache mchezo akasome. Jamani, kwani huko si kusoma?

Kirushio chenyewe ni hiki. Chukua fito mbili za mbao zilizonyooka, urefu sentimita 50, unene sentimita 2. Zilaze sambamba, uache mwanya wa nusu sentimita katikati, kisha uzipigilie juu ya vipande viwili vya mbao vilivyokingama, kimoja mbele na kimoja nyuma. Piga msumari mmoja upande wa nje wa kila fito, kule mbele. Funga ukanda mwembamba wa tyubu kutoka msumari hadi msumari. Nyuma gundisha kibanio cha nguo. Sasa kunja ndege ya kawaida, na chini ya tumbo lake, karibu na pua, ukate pengo dogo la mshazari la kunasa mpira. Tumbo linakaa kwenye mwanya, mpira unanasa pengoni, mkia unabanwa na kibanio. Bonyeza kibanio, ndege imeenda. Usimwelekezee mtu usoni.

Utaniuliza: si mkono unatosha? Hapa ndipo penye hoja yangu yote. Mkono haurushi sawa mara mbili. Leo umerusha juu kidogo, kesho kwa hasira kidogo. Ndege ikianguka hujui kosa ni la bawa au la mkono. Kirushio ukichore mistari pembeni, sentimita 10, 15, 20, kinarusha karibu vilevile kila mara. Ukibadilisha kitu kimoja tu, pua au bawa, tofauti utakayoona imetokana na kitu hicho. Sisi waandishi wa programu tunalipwa kwa kazi hiyohiyo: kurudia jaribio lilelile, kubadilisha jambo moja, kutazama kilichotokea, kuandika. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililomponya.

Na kirushio hakimbembelezi mtu. Mpira ukivutwa mara mbili ya mwanzo, nishati inayohifadhiwa ni karibu mara nne, na kasi ya ndege karibu mara mbili. Lakini nguvu inayoinua bawa nayo hukua kwa mraba wa kasi. Ndiyo maana ndege iliyokuwa ikiteleza vizuri kwa mkono, ukiifyatua kwa nguvu inainua pua, inapiga duara na kuanguka nyuma yako. Mtoto atadhani dawa ni kuvuta zaidi. Itapiga duara kali zaidi! Dawa ni kusogeza uzito mbele kwa kukunja pua mara moja zaidi, au kupunguza mkunjo wa juu ulio nyuma ya bawa. Hilo atalielewa kwa mkono wake, na hatalisahau.

Kuna jambo jingine. Nyamira ni nyanda za juu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko usawa wa bahari, kwa hiyo ndege ileile inahitaji kasi zaidi kwa karibu asilimia 10 ili ibebwe. Mtoto wa Ikonge na mtoto wa Mombasa hawawezi kunakili vipimo kutoka video moja. Kila mmoja lazima apime kwao.

Mkisema huu ni utoto, someni historia. Mwaka 1878 askofu Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe kidude cha karatasi, mwanzi na kizibo kilichorushwa kwa mpira uliosokotwa. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Walikiiga, wakatengeneza vikubwa zaidi, wakaona kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyoshindwa kuruka. Mwaka 1903 waliruka kwa ndege yenye injini. Na mwaka 1904, kwa kuwa upepo wa kwao Ohio ulikuwa dhaifu, walijenga mnara wa kuangusha uzito uliovuta ndege kwenye reli yake ipate kasi. Kirushio, ndugu yangu!

Najua wazazi watalalamika. Tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka 2019 wamechoka kutafutiza vifaa vya miradi. Wana haki. Lakini tuseme ukweli: mradi ukishatengenezwa na fundi au na baba usiku, aliyejifunza ni fundi au baba. Mtoto amejifunza kubeba. Kirushio kibovu alichokipigilia mwenyewe kina thamani kuliko kizuri cha kununua, kwa sababu kibovu ana sababu ya kukirekebisha. Huko Tabaka wachongaji wa jiwe la sabuni hawamngoji mtu awe na skrini ndipo ashike patasi. Sisi wa kompyuta tumejifanya nani?

Kwa hiyo walimu, ombi langu ni dogo. Alasiri moja isiyo na mvua, tepu moja ya kupimia, daftari lenye safu tatu: nilichobadilisha, nilichotarajia, kilichotokea. Majaribio kumi kwa kila mtoto, na asisaidiwe na mtu. Atakayejaza safu hizo bila kudanganya, huyo mpeni kishikwambi. Atajua cha kukifanyia. Asiyejua kujiuliza kwa nini ndege yake imeanguka, hata mkimpa kompyuta kumi atacheza gemu tu.